Pumzi Mbele ya Hakimu

Mwaka 1927 daktari mmoja Mmarekani, Emil Bogen, alichapisha katika jarida la chama cha madaktari wa nchi yake njia ya kumpima mlevi bila kumchoma sindano. Alichukua kibofu cha mpira wa miguu, ule mfuko wa ndani unaojazwa upepo, akawataka waliolewa wapulize. Alipopata kiasi cha lita mbili za pumzi, aliipitisha hewa hiyo katika mchanganyiko wa potasiamu daikromati na asidi ya salfuriki. Pombe ikiwamo, rangi ya manjano iligeuka taratibu kuwa kijani, naye akailinganisha na chupa alizozipanga mezani, kila moja ikiwa na rangi ya kiwango chake.

Bogen alikuwa na maswali ya kitabibu, na maswali yake yaliishia maabara. Lakini pumzi ya mlevi ilipotoka hospitalini ikaingia barabarani, ilianzisha mabishano ya mahakamani ambayo mpaka leo hayajaisha. Ajabu ni kwamba mara nyingi anayehojiwa kwa ukali katika kesi hizo ni askari aliyeshika mashine, huku mlevi akikaa pembeni anasikiliza.

Kabla ya mashine, ulevi ulipimwa kwa pua na macho. Mwaka 1897 dereva wa teksi ya umeme jijini London, George Smith, alikigonga kibaraza cha jengo moja mtaa wa New Bond Street. Alikiri kuwa alikuwa amekunywa, akatozwa faini ya shilingi 25, na kesi ikaisha. Wengi waliomfuata hawakuwa wepisi wa kukiri namna hiyo. Polisi waliwatembeza juu ya mstari uliochorwa sakafuni, wakawaokotesha sarafu, wakawatamkisha maneno yenye kutatiza ulimi, kisha daktari wa kituo akatoa maoni yake. Wakili mzuri alikuwa na jibu kwa kila dalili: macho mekundu ni usingizi, kupepesuka ni goti bovu, ulimi mzito ni woga wa kuwekwa kituoni usiku. Hakimu alibaki na neno la mtu dhidi ya neno la mtu mwingine.

Nchi za Skandinavia zilijibu kwa damu. Mwanasayansi wa Sweden, Erik Widmark, alibuni mwaka 1922 njia ya kupima pombe katika matone machache tu ya damu, na mwaka 1936 Norway ikawa nchi ya kwanza kuweka kikomo cha kisheria kwa tarakimu: nusu gramu ya pombe kwa kila kilo ya damu. Njia hiyo ilikuwa sahihi, ila ilihitaji daktari, sindano na maabara. Usiku wa manane kwenye barabara ya mashambani, vitu vitatu hivyo havipatikani kwa urahisi.

Ndiyo maana watu walirudi kwenye pumzi. Msingi wake wa kisayansi ni wa zamani kuliko gari lenyewe. Mwaka 1803 Mwingereza William Henry alieleza jinsi gesi inavyogawana nafasi kati ya kimiminika na hewa iliyo juu yake. Kwa kanuni hiyo pombe iliyomo kwenye damu huvuka kuingia kwenye hewa ya ndani kabisa ya mapafu kwa kadiri inayotabirika, mradi joto halibadiliki. Wamarekani walikubaliana kwamba mililita 2,100 za hewa hiyo, zikitoka kinywani kwa nyuzijoto 34, zichukuliwe kuwa na pombe sawa na mililita moja ya damu. Hayo yalikuwa makubaliano, kwa sababu binadamu hawalingani. Uingereza ilipoweka kikomo chake cha pumzi, mikrogramu 35 kwa mililita 100 za pumzi, sambamba na miligramu 80 kwa mililita 100 za damu, hesabu yake ilikaribia 2,300. Kwa hiyo pumzi ileile ya mtu yuleyule husomeka kuwa damu tofauti kidogo akivuka Atlantiki. Jambo hili si dogo kwa aliyekaribia kikomo, na mawakili walilielewa mapema.

Aliyeipeleka pumzi kwa polisi ni Rolla Harger, profesa wa biokemia wa Chuo Kikuu cha Indiana. Alianza kuunda kifaa chake mwaka 1931, akakipatia hataza mwaka 1936, na akakiita Drunkometer. Mshukiwa alijaza puto, hewa ya puto ikapita kwenye potasiamu pamanganeti ya rangi ya zambarau iliyotiwa asidi, na mpimaji akaangalia ni hewa kiasi gani ilihitajika mpaka rangi ipotee. Polisi wa jiji la Indianapolis walikitoa hadharani kwa mara ya kwanza usiku wa mkesha wa Mwaka Mpya, tarehe 31 Desemba 1938. Walichagua usiku wenye wateja. Mwaka uliofuata jimbo la Indiana likapitisha sheria yenye tarakimu ndani yake: asilimia 0.15 ya pombe katika damu ilihesabiwa kuwa ushahidi wa ulevi. Kwa vipimo vya leo kiwango hicho ni kikubwa mno, mara mbili hadi tatu ya kile kinachomtia dereva hatiani katika nchi nyingi.

Drunkometer ilikuwa na shida moja ambayo Harger mwenyewe aliijua. Ilikuwa maabara ndogo iliyobebwa kwenye sanduku. Kemikali zilitakiwa ziwe freshi, mirija ipimwe uzito, na rangi ihukumiwe kwa jicho la mtu. Askari aliyezoea kuandika namba za magari alitakiwa ghafla awe mkemia.

Mtu aliyeiona shida hiyo kwa karibu alikuwa Robert Borkenstein, aliyeanza kama mpiga picha kisha akawa mtaalamu wa maabara ya Polisi wa Jimbo la Indiana. Hakuwa na digrii wakati huo. Aliipata mwaka 1958, wakati jina lake lilikwisha kuvuma. Mwaka 1954 aliunda mashine aliyoiita Breathalyzer. Alirudi kwenye daikromati ya manjano aliyoitumia Bogen, ila akaitia kwenye kichupa kilichofungwa kiwandani, na badala ya jicho la askari akaweka taa na seli inayohisi mwanga. Pumzi ikiwa na pombe, umanjano ulififia, mwanga zaidi ukapita, na mshale ukasogea. Jicho la mtu liliondolewa kwenye hesabu, lakini mkono wake ulibaki. Bado ilibidi mtu achague kichupa, asawazishe mshale kwenye sifuri, na ahakikishe mpulizaji ametoa hewa ya ndani ya mapafu, wala si ya mashavuni.

Borkenstein alifahamu kuwa mkono huo ndio utakaoangusha kesi. Mwaka huohuo wa 1958 alianzisha katika Chuo Kikuu cha Indiana mafunzo ya wasimamizi wa vipimo vya pombe. Kozi hiyo ilidumu kuliko mashine yenyewe, na waliopita hapo walirudi makwao kuwa wakuu wa maabara, wakufunzi wa polisi na mashahidi wa mahakamani. Kutoka kwa watu wa namna hiyo yalitokea mazoea ambayo baadaye yaligeuka kanuni za majimbo: mpimaji awe na kibali chenye tarehe ya mwisho, mashine iwe ya aina iliyoidhinishwa, ihakikiwe kila baada ya muda kwa mchanganyiko wa maji na pombe wa kiwango kinachojulikana, na kila uhakiki uandikwe daftarini kwa saini. Mwaka 1973 serikali kuu ya Marekani ikatoa viwango vya mashine zinazofaa kwa ushahidi, na kutoka hapo ikawa inatangaza orodha ya zilizofaulu.

Katika kanuni zote, ile inayowachosha askari kuliko nyingine ni ya kungoja. Majimbo mengine huagiza dakika 15, mengine 20. Muda huo mpimaji humwangalia mshukiwa asile, asinywe, asivute, asicheue wala kutapika. Sababu yake ni rahisi. Mtu aliyemeza funda la bia sasa hivi, au aliyesukutua kwa dawa ya kinywa yenye pombe, ana pombe mdomoni ambayo haijafika kwenye damu, na mashine huisoma kana kwamba imetoka mapafuni. Pombe hiyo ya mdomoni huisha ndani ya robo saa hivi. Basi sheria inamtaka askari akae amtazame mtu usoni dakika 20 bila kushika simu. Kesi ngapi zimeanguka kwa sababu askari aligeuka kujaza fomu! Wakili hahitaji kujua kemia. Humwuliza tu shahidi alikuwa ameketi wapi.

Uingereza ndiyo iliyotoa somo kubwa la namna kanuni za kupuliza zinavyoweza kugeuka kichaka cha kujifichia. Barbara Castle, waziri wa uchukuzi ambaye mwenyewe hakuwa dereva, aliisukuma Sheria ya Usalama Barabarani ya 1967 huku akitukanwa na wenye baa na wapenda magari. Ilipoanza kufanya kazi Oktoba mwaka huo, kikomo kiliwekwa kwenye miligramu 80 kwa mililita 100 za damu. Askari alipewa mrija wa kioo wenye chembechembe za manjano na mfuko wa plastiki, kifaa cha kampuni ya Dräger ya Lübeck, Ujerumani. Chembe zikigeuka kijani kupita mstari uliochorwa, dereva alikamatwa akapelekwa kutoa damu. Kwa takwimu za serikali, mwaka wa kwanza vifo barabarani vilipungua kwa 1,152.

Kisha wakaja mawakili. Sheria ilisema kifaa kiwe kimeidhinishwa na waziri, na askari awe amevaa sare. Katika kesi ya Scott dhidi ya Baker, dereva aliachiliwa kwa kuwa upande wa mashtaka haukuthibitisha kuwa mrija uliotumika ulikuwa wa aina iliyoidhinishwa. Sanduku la kifaa lilikuwa na maelekezo ya mtengenezaji: ngoja dakika 20 tangu kinywaji cha mwisho, mfuko ujazwe kwa pumzi moja isiyopungua sekunde kumi wala kuzidi ishirini. Je, askari asiyefuata maneno ya sandukuni ameharibu kipimo? Swali hilo lilipanda mpaka House of Lords, mahakama ya juu ya Uingereza wakati huo, na mwaka 1969, katika kesi ya Carey, majaji walijibu kwamba askari aliyefanya kazi kwa nia njema, bila kujua sababu ya kusubiri, hakuharibu kitu. Jibu lilikuwa la busara. Lilichelewa miaka miwili.

Wengine waligundua mlango mwingine: kubeba chupa ndogo ya brandi mfukoni. Dereva alipogonga, aliimimina kooni mbele ya mashahidi akidai anatuliza moyo. Damu ikipimwa, nani atajua ni pombe ipi ilikuwamo alipokuwa anaendesha? Ujanja huu ulifaulu mara nyingi hata ukapewa jina lake katika vitabu vya sheria vya Kiingereza, na ulizibwa tu na sheria mpya ya 1981 iliyomtwisha dereva mzigo wa kuthibitisha kwamba bila chupa ile asingevuka kikomo.

Sheria hiyohiyo ya 1981 iliiondoa damu kwenye kiti cha mbele. Kuanzia 1983 mashine za kituoni zinazosoma pumzi kwa mwanga wa infraredi zilitosha kumtia mtu hatiani. Sharti lilikuwa apulize mara mbili, na kinachohesabiwa ni kipimo cha chini. Moja ya mashine hizo ilikuwa Intoximeter 3000 ya Lion Laboratories, kampuni iliyoanzishwa Cardiff, Wales, mwaka 1967 na Tom Parry Jones na mwenzake Bill Ducie. Parry Jones, mwana wa kisiwa cha Anglesey, ndiye aliyeitoa kemia ya rangi na kuleta kipima pumzi cha mkononi chenye seli ndogo ambamo pombe huunguzwa na kutoa umeme kidogo. Pombe ikiwa nyingi, umeme huongezeka.

Mwaka mmoja haukupita. Watu wawili waliokuwa wafanyakazi wa Lion walipeleka kwa gazeti la Daily Express nyaraka za ndani zilizoonyesha wasiwasi kuhusu usahihi wa mashine ile. Kampuni ilikimbilia mahakamani kuzuia zisichapishwe. Ni kweli nyaraka zilikuwa za siri, na ni kweli zilichukuliwa bila ruhusa. Lakini mwaka 1984 Mahakama ya Rufani ya Uingereza iliamua kuwa mashine inayoweza kumpeleka mtu asiye na hatia jela ni jambo la umma, na umma una haki ya kusoma. Serikali ikaagiza vipimo vya pumzi vilinganishwe na vya damu chini ya mkaguzi huru, Sir William Paton. Ripoti yake ya 1985 ilisema kwa jumla mashine zilikuwa nzuri. Waliozihofia walikuwa na kinga pia: kwa miaka mingi dereva aliyesomeka si zaidi ya mikrogramu 50 alikuwa na haki ya kuomba damu au mkojo vitumike badala ya pumzi, haki ambayo Uingereza iliifuta mwaka 2015.

New Jersey inastahili kutazamwa kwa kituo zaidi, maana hakuna jimbo la Marekani lililobishana na mashine kwa ustadi kama hilo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 iligunduliwa kwamba Breathalyzer ya aina ya 900A, iliyokuwa ikitengenezwa na kampuni ya bunduki ya Smith & Wesson, ingeweza kusumbuliwa na mawimbi ya redio. Redio zenyewe zilikuwa zile za mkononi zilizobebwa na polisi, mara nyingi katika chumba kilekile cha kupimia. Mahakama Kuu Kabisa ya New Jersey mwaka 1984, katika kesi ya Romano dhidi ya Kimmelman, haikuitupa mashine. Iliweka masharti: kwa aina hiyo tete, matokeo yakubaliwe pale tu ambapo tahadhari zilichukuliwa, kama vile vipimo viwili vilivyokaribiana.

Miaka 24 baadaye mashine ilikuwa nyingine, Alcotest 7110 ya Dräger, nayo ilikuwa na programu ya kompyuta ndani. Washtakiwa walitaka kuiona programu hiyo. Kampuni ikasita, kisha ikakubali, na wataalamu wa pande mbili wakaichambua mstari kwa mstari. Hukumu ya kesi ya Chun, Machi 2008, inasomeka kama kitabu cha mwongozo. Dakika 20 za kumwangalia mshukiwa, na akicheua saa ianze upya. Pumzi mbili halali. Kila moja iwe na hewa isiyopungua lita 1.5 na idumu sekunde 4.5 au zaidi; lakini mwanamke aliyezidi umri wa miaka 60 hatakiwi zaidi ya lita 1.2, kwa sababu ushahidi ulionyesha kuwa wengi wa rika lake hawana mapafu ya kufika 1.5 na walikuwa wakishtakiwa kwa kukataa kupimwa. Ni nadra kuona mahakama ikipima pumzi ya bibi kwa lita.

Ndani ya hukumu hiyo mlikuwa na sharti dogo lililoonekana la kiufundi tu. Kila nusu mwaka, mashine inapohakikiwa, joto la ule mchanganyiko wa maji na pombe lithibitishwe kwa kipimajoto ambacho usahihi wake unaweza kufuatiliwa hadi kwenye taasisi ya taifa ya vipimo. Joto linalotakiwa ni nyuzi 34, na tofauti inayovumiliwa ni sehemu mbili za kumi za nyuzi moja, juu au chini. Tukumbuke kanuni ya Henry: joto likipanda, pombe zaidi huvuka kuingia hewani. Mashine iliyofundishwa kwa maji yenye joto lisilo sahihi itamsoma vibaya kila atakayeipuliza baadaye, na itafanya hivyo kwa upole na uthabiti, bila kutoa dalili yoyote ya ugonjwa.

Mwaka 2016 sajini wa polisi wa jimbo aliyekuwa na kazi ya kuhakiki mashine katika kaunti tano alishtakiwa kwa kuruka hatua hiyo ya kipimajoto huku akitia saini kwamba ameitimiza. Je, mashine zake zilikuwa na kasoro? Pengine hazikuwa nayo. Serikali ilipewa nafasi ya kuthibitisha kuwa hata bila hatua hiyo vipimo vilikuwa sahihi, ikashindwa. Novemba 2018, katika kesi ya Cassidy, mahakama iliamua kwamba vipimo vyote vilivyotoka kwenye mashine alizozihakiki havifai kuwa ushahidi. Hesabu yake ilikuwa 20,667.

Muuza nyama wa sokoni ambaye mizani yake haina muhuri wa Wakala wa Vipimo wa Tanzania anaweza kuwa anampa mteja kilo kamili. Mkaguzi atamtoza tu. Mahakama ya New Jersey iliwatendea polisi vivyo hivyo, na ilifanya haki.

Massachusetts ilikuwa na kosa baya zaidi, kwa kuwa pale lilikuwa la ofisi nzima. Ofisi ya jimbo ya vipimo vya pombe ilikaa na mamia ya nyaraka zilizoonyesha mashine zilizofeli uhakiki, bila kuwakabidhi mawakili wa utetezi kama amri ilivyotaka. Mwaka 2023 mahakama ya juu ya jimbo hilo iliamua kwamba vipimo vya kuanzia Juni 2011 hadi Aprili 2019 visitumike, na waliokiri makosa kwa kuviogopa wakapata njia ya kuomba kesi zao zifunguliwe upya. Watu walioguswa walikadiriwa kuwa 27,000.

Barani Afrika, Afrika Kusini iliyapitia haya mapema. Kikomo chake cha pumzi ni miligramu 0.24 kwa lita, sawa na gramu 0.05 kwa mililita 100 za damu, hesabu inayofuata ile 2,100 ya Wamarekani. Mwaka 2011 Mahakama Kuu ya Western Cape iliukataa ushahidi wa mashine ya Dräger katika kesi ya dereva mmoja, baada ya upande wa mashtaka kushindwa kuthibitisha kuwa kifaa na matumizi yake vilitimiza masharti. Jimbo likasimamisha vipimo hivyo kwa miaka kadhaa. Askari walirudi kwenye sindano, na damu ikarudi kungoja zamu yake maabara.

Kenya nayo ilianza kwa kurithi. Kanuni za Trafiki za Kipima Ulevi, zilizochapishwa mwaka 2011 kama tangazo la kisheria namba 138, zilibeba tarakimu za Uingereza bila kubadili hata moja: mikrogramu 35 kwa mililita 100 za pumzi, miligramu 80 kwa damu, miligramu 107 kwa mkojo. Kifaa kilichopata umaarufu nacho kilikuwa na asili ya huko. Alcoblow ni jina la biashara la kipima pumzi cha haraka cha Lion Laboratories, kampuni ileile ya Wales. Desemba 2013, msimu wa sikukuu, polisi na mamlaka ya usafiri NTSA walikitoa barabarani Nairobi, na jina likaingia mitaani mara moja: alkoblo. Askari hukisogeza mbele ya mdomo, dereva akapuliza kwenye kikombe kidogo bila kugusa. Wenye baa walinung'unika kwamba wateja wanakimbia kabla ya saa nne. Ujumbe wa simu ukawa unaonya ni mzunguko gani una askari usiku huo. Na madereva wa kukodiwa, wanaokufikisha nyumbani na gari lako, wakapata soko.

Wafanyabiashara wa burudani walipeleka malalamiko mahakamani, na Januari 2017 Mahakama ya Rufaa iliangusha kanuni hizo. Wengi walishangilia kana kwamba mashine imeonekana mbovu. Sivyo. Majaji hawakuhangaika na seli wala joto la pumzi. Waliangalia sheria mama. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Trafiki, sura ya 403, kinamtia hatiani dereva aliyelewa kiasi cha kushindwa kulimudu gari. Kanuni za waziri zilikuwa zimeunda kosa tofauti, la kuvuka tarakimu tu, hata kama mtu anaendesha sawasawa. Waziri hawezi kutunga kosa ambalo Bunge halikulitunga. Kwa hiyo Kenya ilijikuta imerudi mahali Uingereza ilipokuwa kabla ya 1967: dereva asomeke namba yoyote, bado shahidi aeleze alivyoyumba.

Vifaa havikutupwa. Vimerudi barabarani kwa vipindi, hasa mwisho wa mwaka, na kila vinaporudi mjadala hurudi palepale, kwenye uhalali wa kumsimamisha mtu apulize. Swali la pili halisikiki sana: kifaa hiki kilihakikiwa lini, na nani, na cheti chake kiko wapi?

Upande wa Tanzania, Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973, sura ya 168, ilikwisha kuweka kosa la kuvuka kiwango ndani ya sheria yenyewe, kwa hiyo shimo alimotumbukia jirani halipo. Abiria wa mabasi ya mikoani wameshazoea kuwaona askari wa usalama barabarani wakiwapulizisha madereva alfajiri kituoni kabla ya safari, hasa Desemba. Nchini Uganda polisi wana operesheni yao iitwayo Kawunyemu, na wenye magari wa Kampala wanaifahamu kama wa Nairobi wanavyoifahamu alkoblo. Kote huko mashine zipo, na madereva wanaendelea kukamatwa.

Kinachokosekana hadharani ni lile daftari. Katika historia yote hii, tangu mrija wa kioo wa 1967 hadi kipimajoto cha New Jersey, kesi zilizobomoka kwa maelfu zilibomokea kwenye karatasi za uhakiki na kwenye saini ya mpimaji. Wanaotunga kanuni zijazo Nairobi, Dodoma na Kampala waziandike mapema, tena ndani ya sheria yenyewe: muda wa kungoja, idadi ya pumzi, sifa za mpimaji na tarehe ya mwisho ya kibali chake, na haki ya dereva kupewa nakala ya cheti cha uhakiki siku ileile. Gharama yake ni ndogo kuliko kuzifungua upya kesi elfu ishirini.